Treni ya Baba Mkubwa

Baba mkubwa aliiita mashine yake Treni. Ilikuwa chini ya mwembe, nyuma ya nyumba yake Ngamiani, Tanga, imefunikwa kwa mabati manne. Fremu yake ilikuwa ya vyuma vya reli ndogo zilizotupwa na shamba moja la mkonge, na labda jina lilitoka hapo. Au labda lilitokana na jinsi ilivyopangwa: shafti moja ndefu iliyolala juu ya beringi tatu, na juu ya shafti hiyo vifaa vimefuatana kama mabehewa. Katikati palikuwa na kichwa cha randa chenye visu viwili. Mwisho wa kulia, msumeno wa duara. Mwisho wa kushoto, keekee ya kutobolea matundu ya kuingiza ndimi za milango na vitanda. Mota ilikuwa moja tu, hospawa 3, nayo ilitoka kwenye pampu ya maji ya shamba lilelile la mkonge.

Aliijenga mwaka 1986. Watu wa umri wangu tulikua tukiiona kama kitu cha ajabu. Mteja alikuja na gogo la mninga lililopasuliwa vibaya, na kabla ya adhuhuri aliondoka na mbao nne zilizonyooka, laini, zenye matundu tayari kwa kuunganishwa. Mafundi wengine wa mtaa walikuwa bado na randa za mkono. Walipita wakasimama, wakaweka mikono kiunoni, wakatazama.

Mwaka 1994, nikiwa na umri wa miaka 12, Treni ilimkata baba mkubwa vidole viwili vya mkono wa kulia. Nimekuwa nikisoma historia ya mashine za useremala kwa miaka mingi sasa, na ninaweza kusema sababu ni udadisi. Si kweli. Sababu ni vidole vile viwili.

*

Tuanze na keekee, mashine ya useremala ambayo lugha yetu iliipa jina. Keekee ya zamani ilikuwa na sehemu nne, na kila sehemu ilikuwa na jina lake. Chuma cha kutobolea kiliitwa keekee. Kiliingia ndani ya mti ulioitwa msukano. Msukano ulizunguka ndani ya kishikio kilichoitwa jivu. Kilichouzungusha kilikuwa uta, ambao kamba yake ilizungushiwa msukano, ukivutwa mbele na nyuma. Mafundi waliotoboa misumari ya milango ya Unguja na Lamu walitumia chombo hicho. Mkono mmoja ulikuwa mota, mwingine ulikuwa usukani. Ukiacha kuvuta, chuma kinasimama papo hapo. Huwezi kukatwa na keekee ya uta bila wewe mwenyewe kutaka.

Kisa cha mashine za mbao tunazozijua leo kilianzia kwenye kitu kingine ambacho watu wa pwani wanakifahamu: kapi. Manowari moja ya Uingereza yenye mizinga 74 ilihitaji takriban kapi 1,000 za kuendeshea kamba zake, na jeshi la majini lilinunua kapi kama 100,000 kila mwaka. Zote zilitengenezwa kwa mbao, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa ya mikono. Samuel Bentham, ndugu yake mwanafalsafa Jeremy Bentham, alikuwa amesajili hataza za mashine za mbao mwaka 1791 na 1793. Alipopewa cheo cha kusimamia kazi za ujenzi wa jeshi la majini, alikuwa na nafasi ya kutekeleza mawazo hayo. Kisha akaja Marc Isambard Brunel, Mfaransa aliyekimbia mapinduzi ya nchi yake, akiwa na michoro ya mashine za kutengenezea kapi. Henry Maudslay, fundi chuma wa London, akazijenga.

Kiwanda kilifungwa katika bandari ya Portsmouth kati ya mwaka 1803 na 1808. Kulikuwa na mashine kama 45. Moja ilikata, nyingine ikatoboa, nyingine ikachonga tundu, nyingine ikaviringa umbo la nje. Mwaka 1808 kiwanda kile kilitoa kapi 130,000. Kilichowashangaza wageni ni hesabu ya watu: wanaume 10 wasio na ufundi walifanya kazi iliyokuwa ikifanywa na mafundi 110.

Ninaposoma hesabu hiyo siwezi kuacha kuwafikiria wale 100 wengine. Lakini kwa kisa hiki, jambo la kutazama ni jinsi mashine zile zilivyopata nguvu. Hakukuwa na mota kwenye kila meza. Kulikuwa na mtambo wa mvuke, na nguvu yake ilisafiri kwa mashafti na mikanda mpaka kwenye kila mashine. Karne nzima ya 19 viwanda viliendeshwa hivyo. Ukiingia karakana kubwa ya mbao ya wakati ule, unaona juu ya kichwa chako shafti ndefu ikizunguka mchana kutwa, na mikanda ya ngozi ikishuka kama mvua kwenye kila mashine. Kwa maneno mengine, karakana nzima ilikuwa Treni. Kuunganisha mashine nyingi kwenye nguvu moja hakukuanza na maskini wa Ngamiani. Ndivyo mashine zilivyozaliwa.

*

Wenye viwanda wale walikutana mapema na tatizo ambalo baba mkubwa alikutana nalo mwaka 1994. Kama shafti haisimami, utasimamishaje mashine moja ili uinoe kisu chake, au utoe kipande cha mbao kilichonasa?

Jibu lilikuwa rahisi. Kila mashine ilipewa puli mbili, zimekaa bega kwa bega kwenye shafti yake. Moja ilifungwa kabisa, ikizunguka shafti inazunguka nayo. Ya pili ilikuwa huru, inazunguka bure bila kuvuta kitu. Fundi alikuwa na mti wa kusukumia mkanda. Akiusukuma upande wa puli huru, mashine yake inasimama, ingawa mkanda unaendelea kukimbia na mashine za wenzake zinaendelea kula mbao. Akitaka kuanza kazi anaurudisha. Kifaa cha bei ndogo, chuma kidogo na mti mmoja, lakini kiliokoa mikono mingi.

Si yote. Randa za mashine za wakati ule zilikuwa na kichwa cha pembe nne, na visu vimefungwa kwenye pande zake kwa bolti. Kati ya kichwa cha pembe nne na ukingo wa meza kuna nafasi kubwa, na kila pembe inapopita inavuta kilicho karibu. Mkono ukiteleza, kichwa kile hakikati ncha ya kidole. Kinauvuta mkono mzima ndani. Kichwa cha mviringo, chenye visu vilivyotokeza kidogo tu, kinajeruhi pia, lakini jeraha lake ni dogo zaidi. Tofauti hiyo ilijulikana miaka mingi kabla ya sheria kuitambua. Uingereza ilitoa kanuni zake za mashine za mbao mwaka 1922, nazo zikadai kichwa cha mviringo kwenye randa ambazo mbao husukumwa kwa mkono.

Huku kwetu, Tanganyika ilipata sheria ya viwanda mwaka 1950, na Kenya ikapata kanuni zake za mashine za mbao mwaka 1959. Ni maandishi mazuri. Yanazungumzia vifuniko, mwanga wa kutosha, sakafu isiyoteleza. Lakini hakuna mkaguzi aliyewahi kufika chini ya mwembe wetu.

*

Mashine ndogo za kuunganishwa zilikuja kwa ajili ya watu ambao hawakuwa na mtambo wa mvuke. Huko Rockford, Illinois, katika miaka ya 1870, kampuni ya W.F. & John Barnes iliuza mashine za kukanyaga kwa miguu, kama cherehani. Miongoni mwazo ilikuwamo iliyounganisha msumeno wa duara na msumeno mwembamba wa kukatia mapambo. Seremala wa kijiji aliweza kushindana na kiwanda cha mjini, ilimradi miguu yake isichoke.

Kisha umeme ukaja, na mota zikawa ndogo. Mwanzoni mwa karne ya 20 viwanda vikaanza kung'oa mashafti ya darini na kuipa kila mashine mota yake. Mashine zikaachana. Kila moja ikawa na swichi yake, kasi yake, nafasi yake sakafuni. Kwa mwenye kiwanda huo ulikuwa ukombozi. Kwa fundi mwenye chumba kimoja na fedha ya mota moja, hakuna kilichobadilika.

Mtu aliyemkumbuka fundi huyo alikuwa Hans Goldschmidt, Mjerumani aliyekimbia utawala wa Wanazi akahamia Marekani. Baada ya Vita Kuu ya Pili askari walikuwa wamerudi nyumbani, nyumba mpya zilijengwa kwa maelfu, na kila nyumba ilikuwa na gereji lenye nafasi kidogo pembeni. Goldschmidt alibuni mashine aliyoiita Shopsmith. Mota moja na kichwa kimoja vilitelezeshwa juu ya mabomba mawili marefu. Ukiweka meza na bamba la msumeno, una msumeno wa duara. Ukiondoa na kufunga mti kati ya ncha mbili, una mashine ya kukerezea. Weka sahani ya msasa, unasugua. Toboa kwa ulalo. Kisha inua mabomba yasimame wima, na unatoboa kutoka juu. Mashine tano kwenye nafasi ya baiskeli. Duka kubwa la Montgomery Ward lilianza kuiuza mwaka 1947.

Nilipoiona kwa mara ya kwanza katika picha, nilicheka peke yangu. Nilidhani nimeona shangazi yake Treni. Baadaye nikaona tofauti, na kicheko kikaisha. Shopsmith ina ncha moja ya kazi kwa wakati mmoja. Ikiwa inakereza, msumeno uko rafuni. Hasara yake ni muda, maana kila unapobadili kazi unafungua, unafunga, unapima upya. Mafundi wengi waliichoka kwa sababu hiyo. Lakini chuma ambacho hukitumii hakizunguki.

Kuna na jambo la kasi. Modeli ya Mark 5, iliyotoka katika miaka ya 1950, iliweza kubadilishwa kutoka mizunguko 700 hadi 5,200 kwa dakika. Hiyo si anasa. Kila chuma kina kasi inayokifaa. Shafti ya Treni ilizunguka karibu mara 3,000 kwa dakika. Kwa msumeno wa sentimita 30, meno yanakimbia takriban mita 47 kwa sekunde, na hapo mninga unakatika vizuri. Lakini kichwa cha randa cha sentimita 10 juu ya shafti hiyohiyo, visu vyake vinakwenda mita 16 tu, ndiyo maana mbao za baba mkubwa zilitoka na mawimbi madogo ambayo tulisugua kwa msasa jioni. Na keekee kwa kasi hiyo inaunguza. Harufu ya mninga uliounguzwa tunduni ndiyo harufu ya utoto wangu.

Ulaya ilipita njia nyingine. Huko Rimini, Italia, mwaka 1952, kampuni ya SCM ilitoa mashine ya pamoja iliyoitwa L'Invincibile, Isiyoshindika. Karakana ndogo za familia zilikuwa zikijenga upya samani za nchi iliyobomolewa na vita, na hazikuwa na fedha ya kununua mashine tano. Wataliano, Waustria, Wafaransa na Wabelgiji waliendelea na ubunifu huo kwa miongo. Polepole mota zikaongezeka: moja ya msumeno, moja ya randa, moja ya kuchonga kingo, zote ndani ya mwili mmoja wa chuma, na swichi ya kuchagua ipi ifanye kazi. Mwaka 1997 Ulaya ikatoa kiwango maalumu cha usalama kwa mashine za pamoja, EN 940. Kwa hiyo mashine ziliunganishwa, zikaachanishwa, zikaunganishwa tena. Safari hii waliounganisha walikumbuka kwamba kukaa pamoja si lazima kuzunguka pamoja.

*

Ilikuwa Jumamosi. Mteja alikuwa amesimama na mbao zake za mtiki kutoka Longuza, ana haraka, gari lake linamngoja barabarani. Baba mkubwa alikuwa amemaliza kupasua, akazima mota, akaenda upande wa kulia. Kipande chembamba kilikuwa kimenasa kati ya msumeno na meza. Aliinama kukitoa.

Mteja aliniambia, "Kijana, washa basi turande."

Kutoka nilipokuwa nimesimama, kwenye swichi, niliiona randa. Msumeno sikuuona, maana rundo la mbao lilikuwa katikati. Nilijua kazi inayofuata ni randa. Nikawasha.

Sitaeleza sauti. Nitasema tu kwamba baba mkubwa hakupiga kelele. Alisema, "Zima," kwa sauti ya mtu anayeomba maji. Kisha akaufunga mkono wake kwa shati, akamwambia mteja ampeleke hospitali, na mimi akaniambia nikae nyumbani nisiguse kitu.

Watu walipouliza, alisema aliteleza. Alimwambia hivyo mama mkubwa, akamwambia hivyo baba yangu, akawaambia hivyo wazee wa msikitini. Yule mteja hakurudi mtaani. Mimi nilinyamaza, na kila mwaka niliokaa kimya ulifanya mwaka uliofuata kuwa mgumu zaidi.

Miezi mitatu baadaye alianza kuibomoa Treni. Tulidhani anaiuza chuma chakavu. Badala yake alikata shafti vipande viwili. Randa na keekee zikabaki kwenye shafti ya kwanza. Msumeno akaupa shafti yake, beringi zake na mkanda wake. Kwenye shafti ya msumeno aliweka puli mbili, moja imefungwa, moja huru, na mti wa mkwaju wa kusukumia mkanda. Msumeno sasa ulizunguka pale tu fundi alipotaka uzunguke.

Kisha akaitoa swichi ukutani. Badala yake aliweka plagi yenye kamba ndefu ya katani, ya kuvaliwa shingoni. Sheria ilikuwa moja: anayeingiza mkono kwenye mashine ndiye anayevaa plagi.

*

Mwaka 2009, nikiwa nimeshaanza kazi Dar es Salaam, nilikwenda kumsalimia. Tulikaa chini ya mwembe baada ya alasiri. Nilikuwa nimejiandaa safari nzima kwenye basi, lakini nilipofungua mdomo maneno yote yaliondoka.

"Baba mkubwa," nikasema, "siku ile ni mimi niliyewasha."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia kuwa jua linatokea mashariki.

"Najua. Nilikuwapo."

"Mbona ulisema uliteleza?"

Alikaa kimya kidogo, akiukanda mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, kama alivyozoea.

"Nikuambie kitu, mwanangu. Kabla ya uhuru nilikuwa kibarua kwa Kalasinga mmoja, huko Muheza, kwenye kiwanda cha kupasua magogo. Injini moja, mikanda saba. Kila mashine ilikuwa na puli yake huru. Siku ya kwanza kabisa yule mzee alinionyesha: hii inafanya kazi, hii inapumzika. Nilijua. Nilipojenga Treni, puli zilikuwa ghali, chuma hakipatikani, nikasema nitaziweka mwakani. Miaka minane nikawa nasema mwakani. Wewe uliwasha swichi. Aliyeunganisha msumeno na randa ni mimi."

Mafundi kama yule mzee wa Muheza hawatajwi sana katika historia yetu. Wengi wao, au wazazi wao, walitoka Punjab, mkondo ulioanza na reli ya Uganda iliyojengwa kutoka Mombasa kati ya mwaka 1896 na 1901 na vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India. Waliobaki walifungua karakana, gereji na viwanda vya mbao pwani na bara. Na ndivyo kifaa cha viwanda vya mvuke vya Uingereza kilivyofika kwenye kichwa cha kijana wa Kitanga bila kitabu hata kimoja, kwa kuonyeshwa kidole: hii inafanya kazi, hii inapumzika.

*

Baba mkubwa alifariki mwaka 2017. Binamu yangu anaendesha karakana sasa. Amenunua mashine ya pamoja kutoka China, ya kijani, yenye msumeno, randa na keekee, na kwa kweli inaranda vizuri kuliko Treni ilivyowahi kuranda. Treni iko pembeni, chini ya mabati yaleyale, na bado inapasua mbao nene zinazoishinda ile ya kijani.

Nilipokwenda mara ya mwisho, niliizunguka mashine mpya kwanza. Nilifungua kifuniko cha chini. Mota moja, shafti moja. Msumeno mwisho wa kulia.

Nilimwita binamu yangu nikamwonyesha. Alisema anajua, anakuwa mwangalifu. Nikamuuliza vijana wanaomsaidia wana umri gani. Hakujibu. Alikwenda ukutani, akatungua plagi yenye kamba ya katani kutoka kwenye msumari wake, akaigeuzageuza mkononi. Ilikuwa nyeusi kwa jasho la miaka zaidi ya 20.

"Itaingia kwenye hii?" akauliza.

Tulitafuta bisibisi. Ilituchukua mpaka magharibi, lakini iliingia.